Taa ya Kushoto

Msafiri atokaye Tanga kwenda Gisenyi kwa gari lenye usukani wa kulia hana budi kuyajua mambo mawili kabla hajalivuka daraja la Rusumo: la kwanza, kwamba tangu hapo atashika upande wa kulia wa barabara, kinyume cha alivyozoea tangu siku aliyopewa leseni, na la pili, ambalo mimi sikukumbuka kuambiwa na mtu, kwamba mkono wake wa kulia, ambao kwetu ndio akiba ya dereva siku taa zinapokataa, hauna faida tena, kwa kuwa ukichomoza dirishani unachomoza upande wa mtaro, ambako wanaokuja mbele hawauoni wala wanaotaka kukupita hawauoni. La kwanza nililijua na nikajihadhari nalo. La pili nilifundishwa na taa ya kushoto ya Land Rover ya marehemu baba, katika njia iendayo ziwa la Kivu, mvua ikinyesha.

Gari lenyewe ni la mwaka 1969, aina ya 109, lile refu ambalo wazee wa mashamba ya mkonge hulitambua kwa mlio kabla hawajaliona. Baba alilinunua likiwa limekwisha kutumika, akaliendesha hadi macho yalipomkataza, kisha akaniachia pamoja na daftari la matengenezo lililoandikwa kwa penseli. Nami, kwa kuwa si fundi bali ni mtu wa kalamu, umeme wake nimejifunza kwa kulisoma daftari hilo kama mtu asomavyo wasia, mengine nikiyafahamu na mengine nikiyapita. Safari haikuwa na jambo kubwa. Sahibu wa baba, dereva mwenzake wa malori wa miaka ile, mzaliwa wa Gisenyi aliyeishi Tanga muda mrefu kisha akarejea kwao, alinipigia simu akasema kwamba umri umekwenda, na kwamba katika vitu anavyotamani kuviona tena kimojawapo ni gari lile. Mtu akiambiwa maneno hayo na rafiki wa babake hana hoja ya kutoa. Nilimchukua mpwa wangu awe mwandani, tukatoka.

Sitazieleza siku za Singida na Nzega na Kahama, maana njia hiyo ni ndefu na wengi wanaijua. Rusumo tulivuka kwa salama, juu ya daraja jipya lililofunguliwa rasmi tarehe 6 Aprili 2016 pamoja na kituo cha forodha kinachohudumia nchi zote mbili, maporomoko ya Kagera yakinguruma kando yetu, na hapo nikahamia kulia kwa moyo wa hadhari. Tulilala Kigali. Asubuhi yake tukaupanda mlima wa Shyorongi, na kuanzia hapo hadi Gisenyi, kilomita 150 na ushei, sikumbuki mahali ambapo barabara ilinyooka kwa muda wa kutosha mtu kumaliza hadithi: inazunguka kilima, inashuka bondeni, inapanda tena, ilhali mashamba ya matuta yamepangwa juu ya kichwa chako na chini ya miguu yako, na watu wanatembea pembeni mfululizo, wenye majembe, wenye madaftari ya shule, wenye baiskeli zilizobeba magunia.

Mvua ilitukuta karibu na Musanze, na ndipo nilipotaka kukata kushoto niingie kituo cha mafuta, nikausukuma mkono wa indiketa, na badala ya mlio ule wa tik-tak niliolelewa nao nikasikia kimya. Mpwa akashuka kutazama. Habari alizoniletea zilikuwa za ajabu kidogo. Taa ya mbele kushoto ilikuwa imewaka tuli, bila kupepesa; ya nyuma ilikuwa imewaka kwa unyonge, rangi ya kaa linalokufa; taa nyekundu za breki nazo zilikuwa na wekundu hafifu, ilhali mguu wangu haukuwa juu ya breki; na nilipoikanyaga breki, ile indiketa ya nyuma ikazimika kabisa. Upande wa kulia, kwa upande wake, ulipepesa kwa afya kama siku zote.

Fundi wa kwanza tuliyemkuta njiani alisikia neno moja tu, kwamba taa haipepesi, akaenda dukani akarudi na flasha mpya, akaichomeka, na taa ikabaki tuli vile vile. Akasema gari limezeeka. Tukamlipa tukaondoka.

Ndipo tulipoishi kwa mkono wa mpwa. Yeye alikaa kushoto, yaani upande wa katikati ya barabara, nami kila nilipotaka kulipita lori lililosheheni viazi au kukata kushoto nilimwambia, naye akakifungua kioo cha mlango, akautoa mkono mvuani, akaushikilia hadi nimalize. Wakati huo niliwakumbuka wenye magari wa zamani kwa heshima ambayo sikuwa nayo kabla. Watu walianza kwa mikono yao wenyewe. Kisha magari ya Ulaya yakatiwa mikono midogo ya bati yenye taa ndani, inayochomoza ubavuni na kurudi, ambayo Volkswagen iliiacha katika gari lake maarufu la mgongo wa kobe mnamo mwaka 1960. Na huko Marekani Buick ilikuwa imekwisha kuanza, mwaka 1939, kuuza magari yenye taa za kupepesa. Safari yote hiyo ilikuwa na maana moja: kumpa mtu usiyemjua, asiyekusikia, habari ya jambo ulilolikusudia kabla hujalitenda, ili naye apate nafasi ya kuyaokoa maisha yake. Siku hiyo sisi tulirudi mwanzo wa safari. Tulipofika Mukamira, ambako ukungu ulikuwa umeshuka barabarani na baridi inauma, mpwa akasema kwa adabu, "Mjomba, mkono umekufa ganzi." Nikasimamisha gari, nikampa koti langu, nikamsugua vidole hadi damu iliporejea, na sikulipita gari lolote tena hadi mwisho wa njia.

Baada ya hapo barabara inashuka. Chai ya Pfunda inatandaza kijani kibichi kila upande, hewa inapata joto, na ghafla, chini ya miti ya mikaratusi, unaliona ziwa la Kivu, pana na tulivu, mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Gisenyi imekaa ukingoni mwake, na ukiitazama kwa mbali huwezi kutambua inakoishia na Goma inakoanzia, maana nyumba zimeungana na mpaka umepita baina yake kama uzi katika nguo. Nyuma yake umesimama mlima wa Nyiragongo, ambao wazee wa hapa wameuona ukimwaga moto mara tatu, mwaka 1977, mwaka 2002 na mwaka 2021. Na mara hii ya mwisho, ingawa moto ulielekea Goma, matetemeko yaliyofuata yalizipasua nyumba za Gisenyi pia. Nilimkuta mzee wetu kibarazani, kofia ya kiua kichwani, akiwa amelisikia gari kabla hajaliona. Hakunisalimu mimi kwanza. Aliliwekea mkono boneti, akanyamaza kitambo, ndipo akanigeukia akasema, "Karibu, mwanangu. Limekuja." Nikamshika mkono wake kwa mikono yangu miwili.

Nilipomweleza kadhia ya taa hakutaka tungoje kesho. Akakaa kiti cha kushoto, akatuongoza hadi Mbugangari, si mbali na mpaka mdogo uitwao kwa Kifaransa Petite Barrière, ambao watu kwa maelfu huuvuka asubuhi na nyanya na vitunguu na maziwa vichwani na mikononi, na jioni hurejea na vikapu vitupu. Karakana ilikuwa uwanja wa changarawe nyeusi za volkano chini ya mparachichi mkubwa, na fundi mwenyewe alikuwa mtu mnyamavu wa makamo, aliyejifunzia kazi Goma katika karakana ambayo lava ya mwaka 2002 iliifunika na vyombo vyake vyote.

Hakufungua kitu. Alinitaka niwashe kulia, akasikiliza. Niwashe kushoto, akazunguka nyuma akainama. Nikanyage breki, akatabasamu kama mtu aliyemwona anayemjua sokoni. Kisha akauliza maswali mawili tu: waipa zinafanya kazi? Geji ya mafuta inapanda? Nilipomjibu kwamba zote nzima, akawa amekwisha kuiondolea fyuzi shaka, maana katika gari hili fyuzi inayolisha indiketa ndiyo hiyo hiyo inayolisha waipa, geji na taa za breki, nayo lau ingekufa zingekufa zote kwa pamoja. Na kwa kuwa kulia kulipepesa, flasha nayo haikuwa na hatia, kwa sababu flasha ni moja, inayohudumia pande zote mbili. Ndipo akasema, kwa Kiswahili chao cha Goma, "Papa, taa haikufa. Masi njo imekufa."

Sikumfahamu. Nikamwuliza masi ni nini, naye akanionyesha waya mweusi chini ya taa na bolti iliyoubana, nami nikasema, "Ah, ethi!" naye hakunifahamu mimi. Mzee alikuwa amekaa juu ya tairi kuukuu, akiegemea mkongojo, akatuamua. "Huyu kalipokea kwa Wabelgiji, na wewe umelipokea kwa Waingereza," alisema. "Semeni ardhi, mtasikilizana." Na kweli tukasikilizana. Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, na jambo hilo lilinifurahisha nilipolisikia, lakini katika mitaa kama hii kilikuwapo tangu enzi za askari wa Kijerumani na wafanyabiashara waliofuatana nao, na watu wake hawakungoja sheria ili wakitumie.

Hapa sina budi kueleza kwa kirefu, kwa kuwa ni jambo ambalo lau ningelijua Musanze mkono wa mpwa wangu usingeadhibiwa. Ndani ya flasha ya zamani, kikopo kidogo cha bati, mna utepe mwembamba wa madini ambao mkondo wa umeme ukiupitia huupasha moto, ukarefuka, na kibati kilichoshikwa nao kikaruka na kuikata njia. Utepe ukipoa hukirudisha na kuiunganisha tena. Na tik-tak tunayoisikia ni kibati hicho kikienda na kurudi. Umepimiwa wati 42, yaani balbu mbili za wati 21, moja mbele na moja nyuma, ambazo kwa betri ya volti 12 hunywa ampea 3.5 kwa pamoja. Balbu moja ikifa, au ikikosa umeme wa kutosha, mkondo hupungua, utepe haupati joto linalostahili, na taa iliyobaki huwaka tuli. Kwa hiyo flasha ya namna hii inapokataa kupepesa, aghalabu inatoa habari ya ugonjwa ulio mahali pengine, na kumbadilisha mleta habari hakumponyi mgonjwa. Fundi aliichomoa ile mpya, akairudisha ya baba, akanikabidhi mpya mkononi.

Na umeme si kama maji ya mfereji, yanayofika shambani yakaishia huko. Hutoka betrini, hufika taani, na sharti urejee betrini. Na katika gari njia ya kurejea ni bodi na chesisi, chuma chote kile tunachokikalia. Njia hiyo ikizibwa, umeme uliokwisha kufika taani hutafuta uchochoro: kwetu uliingia kwa mlango wa nyuma katika balbu jirani ya breki, ukaufuata waya wa breki hadi taa ya upande wa pili, ambako ardhi ilikuwa nzuri, na kwa kupita balbu tatu mfululizo haukuwa na nguvu ya kuiwasha hata moja sawasawa. Ndiyo sababu ya ule wekundu hafifu. Nilipokanyaga breki, waya wa breki ukajaa umeme wa betri, uchochoro ukafungwa, indiketa ikawa imesukumwa kutoka pande zote mbili bila pa kutokea, ikazimika. Mambo yote manne aliyoyaona mpwa mvuani yalikuwa jambo moja.

Fundi alikuwa na taa ya kupimia, balbu ndogo yenye waya mbili, mmoja una kibanio na mwingine una msumari. Akaubana wa kwanza kwenye ncha chanya ya betri, akiurefusha kwa waya mwingine hadi nyuma ya gari, na kwa msumari akaigusa chesisi: balbu ikawaka nyeupe. Akakigusa chuma cha taa ya kushoto: balbu ikawaka njano, dhaifu, ikitetemeka. Akamtazama mpwa kuhakikisha ameona. Kisha akachukua kipande cha waya chenye urefu wa mkono, ncha moja akaigusisha kwenye chuma cha taa, ya pili kwenye chesisi aliyokwisha kuikwangua kwa kisu, akaniambia niwashe. Tik-tak ikaanza, na taa ya nyuma ikapepesa rangi ya chungwa juu ya changarawe nyeusi, akauondoa waya, ikanyamaza, akaurudisha, ikaanza. Alifanya hivyo mara tatu bila kusema neno.

Bolti ilipofunguka niliiona aibu yangu kwa macho. Pete ya waya mweusi ilikuwa imevaa kutu nyekundu, na bodi chini yake ilikuwa imefumka unga mweupe, laini kama chokaa ya tambuu. Magari haya yalipotokea mwaka 1948, yakaonyeshwa kwanza Amsterdam, Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma cha pua kilikuwa adimu, kwa hiyo waundaji wakayavika bodi ya aluminiamu iliyochanganywa na magnesi, na uamuzi huo ndio unaotufanya tuyaone yakitembea hadi leo. Walakini aluminiamu ikikutana na chuma, na kati yao pakawa na unyevu wenye chumvi, metali hizo mbili huwa betri ndogo inayojila yenyewe, na unga ule mweupe unaozaliwa haupitishi umeme. Chumvi ilikuwa ya Tanga. Tuliibeba bila kujua hadi katikati ya bara, na mvua ya Musanze ikaiamsha. Wala haihitaji kuwa nyingi: kiungo chenye ukinzani wa omu 1 tu huinyang'anya balbu ya wati 21 takriban volti moja na nusu, na chetu bila shaka kilikuwa kimeuvuka mpaka huo zamani.

Akasugua kwa msasa hadi metali zote mbili zikang'aa, akalehemu pete mpya kwenye waya, akatia washa yenye meno iumayo chuma, akakaza, akapaka grisi juu yake ili unyevu usipite, na kwa ziada akavuta waya mwingine mweusi kutoka taani moja kwa moja hadi chesisi. Mpwa ndiye aliyemshikia taa ya mkononi muda wote, na nilimsikia akiuliza maswali ambayo mimi nilipaswa kuyauliza miaka ishirini iliyopita. Alipomaliza, mzee akaivua saa yake, akahesabu mipepeso kwa dakika nzima, midomo ikitembea. "Thamanini na mbili," akasema, na ni hesabu njema, maana kanuni za kimataifa zinataka isipungue 60 wala isizidi 120. Fundi alitoza fedha chache kuliko nilizotoa kwa flasha nisiyoihitaji.

Tulipokuwa tukingoja grisi ipanguswe mikononi, mzee akaomba daftari la baba. Akalifungua katikati, akalisogeza mbali na macho yake, akaniuliza kama najua maana ya maneno haya. Kidole chake kilikuwa juu ya herufi tatu, A.N.K., na mbele yake neno moja, "safisha". Nilikuwa nimeziona mara nyingi. Zinatokea kila mwaka, mwezi Juni, masika yakiisha, na mimi nilizidhania kuwa jina la mafuta au la duka. "Ardhi ya nyuma kushoto," akasema. "Alikuwa akiisugua kila mwaka. Mahali hapo maji ya tairi ndipo yanaporukia." Nikahesabu kurasa. Mara ya mwisho ilikuwa mwaka ambao macho yalimkataza kuendesha.

Adhana ya magharibi ilitukuta njiani. Wanawake walikuwa wakirejea kutoka mpakani, vikapu vitupu vimepachikwa kimoja ndani ya kingine, na juu ya Nyiragongo wingu lilikuwa limeanza kupata wekundu kwa chini. Mzee alikuwa amekaa kiti cha kushoto, kioo kimefunguliwa, mkono wake umelala mlangoni. Tulipofika barabara ya ziwani, penye mitende, nikataka kukata kushoto, nikausukuma mkono wa indiketa. Kijana wa pikipiki aliyekuwa akija mbele yetu na abiria akaiona taa, akapunguza mwendo, akasimama kutupisha. Mzee akamwinulia mkono kumshukuru, na mlio wa tik-tak ukaendelea hadi nilipomaliza kona.